Kuziaga Pilipili za Kache

Ndia Kuu, Mombasa
Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kwako mpwa wangu Kache,

Cheti nimekipata! Hivi ninavyoandika kimelala mezani mbele yangu, mhuri wake mwekundu kama jicho la mlevi, na jina lako limeandikwa kwa herufi za kuonekana mpaka ng'ambo ya Likoni. Mkaguzi alinipa mkono, akasema, "Mzee Kadenge, tangu nianze kazi hii sijaona pilipili safi namna hii." Waambie kina mama wapige vigelegele.

Mshapiga? Basi nyamazeni. Hakuna cheti. Kilicho mezani mbele yangu ni kipande cha mkate wa sinia, na sisimizi wawili wanaokitolea macho. Nilitaka tu ufurahi kwa mistari mitano kabla hujasoma mengine, maana mengine ni ya kungoja.

Naandika kwa karatasi kwa sababu simu yangu imekufa maji. Nilikuwa pale ufukweni Mama Ngina namwonyesha muuza mihogo picha ya pilipili zako, nikimwambia hiyo anayonyunyiza yeye ni vumbi la matofali. Akanivuta mkono aone vizuri, simu ikaruka, ikagonga mwamba, ikaenda zake. Kwa hiyo Mumo na lori lake la nazi ndio posta yetu. Anashuka sokoni Marikiti Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na nimemwambia akipoteza barua nitamwoza mjane wa mtaa wa pili.

Sasa ya kweli. Katoni zako ishirini na nne zimefika zote. Ziko ghalani chini ya chumba changu, lile nililoshika funguo zake miaka thelathini. Wakala wetu Lennox ameshapeleka maombi kwa kompyuta, na kibali cha kuziingiza kwa mnunuzi wetu kule Maskati, Omani, kimekuja. Mkaguzi wa mimea atafika Alhamisi asubuhi. Akiridhika, anatoa cheti cha afya ya mimea, yaani karatasi ya serikali inayosema pilipili hizi si wagonjwa. Mimi nina miaka sabini na miwili na hakuna aliyewahi kuniandikia karatasi kama hiyo. Kontena la huyo mnunuzi linafungwa tarehe ishirini na tatu. Bila cheti litafungwa bila sisi.

Wewe lala usingizi. Kesho kutwa nitazitazama tazama mwenyewe, zipendeze mbele ya mgeni.

Mimi mjomba wako,
Kadenge
(darasa la nne, lakini la nne la zamani)


Kaloleni
Jumatano, 10 Septemba 2025

Mjomba, shikamoo.

Vigelegele tulipiga. Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya wanawake kumi na mmoja, Sidi akarusha leso yake juu, mbuzi wakakimbilia kwa jirani. Kisha nikafika kwenye huo mkate wa sinia. Mjomba, Mungu anakuona na sisi pia tunakuona.

Huko kuzitazama tazama ndiko kunakonitia hofu. Nakujua mkono wako. Nakuomba kwa heshima zote: usifungue katoni. Usipange upya. Usikae juu yake ukinywa kahawa. Tambuu yako itafune nje. Tulizichambua pilipili juu ya mikeka siku tisa, tukazianika kwenye vichanja, hata moja haikugusa udongo. Ziko kama mkaguzi anavyozitaka. Usitie kitu.

Unajua kwa nini nasema hivi. Ni mimi niliyewaambia hawa wenzangu wang'oe mahindi wapande pilipili. Wengine walibishana na waume zao mpaka wakalala nyumba mbalimbali. Mnunuzi alisema wazi: mzigo huu wa kwanza ukifika na cheti chake, atachukua mavuno yetu ya mwaka mzima. Ukikwama, ana wakulima wengine kwingine. Kila asubuhi Sidi ananiuliza, "Kache, tutakula pilipili kwa sima?" Anacheka, lakini jicho lake halicheki.

Mengine ni salama. Ule mrehani wa mkazamjomba, tawi lake ulilonikatia siku ya arobaini yake, sasa umefika dirishani. Nikisonga sima jikoni unanukia, namkumbuka.

Mimi mpwa wako,
Kache


Ndia Kuu
Ijumaa, 12 Septemba 2025

Kwako Kache,

Barua yako ililala Marikiti kwa Mumo, nikapewa Alhamisi adhuhuri. Mkaguzi alikuwa ameshaondoka.

Cheti hakikutoka. Katoni tatu zimekutwa na wadudu hai, wadogo, weupe, wenye kuruka. Shehena yote imezuiwa mpaka ikaguliwe tena. Mkaguzi ni mama mmoja wa bara, Zilpah Nasipwondi. Hana ukali wala hana mzaha. Ameacha karatasi ya maelezo, lakini ni ya Kiingereza, itakuchosha macho bure.

Joto limekuwa jingi huku.

Nitaona la kufanya.

Kadenge


Kaloleni
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mjomba,

Barua yako imenitisha kuliko hao wadudu. Tangu nijue kusoma hujaniandikia barua isiyo na uchokozi. Nikajua kweli mambo yameharibika.

Nimewaambia wenzangu. Hakuna aliyenifokea, na hilo ndilo baya. Mama mmoja alichukua jembe lake akaondoka bila kuaga. Sidi alisema hao ni inzi weupe, na wametoka kwenye nyanya za Charo, kwa sababu shamba lake limepakana na letu upande wa mashariki. Nikaenda kwa Charo. Mjomba, nilimwambia maneno ambayo sikujua ninayo. Nilimwambia ni mchafu yeye na nyanya zake na baba yake aliyempa lile shamba. Mtu huyu ndiye aliyetuchimbia mashimo ya vichanja bila kuombwa. Alinitazama tu, akasema, "Haya, dada Kache."

Tumekata shauri. Upande wote unaopakana na Charo, mistari arobaini, tutaung'oa na kuuchoma Alhamisi asubuhi, wadudu wasihamie kwingine. Ni karibu nusu ya shamba na imejaa maua. Halafu nitamwandikia mnunuzi kwamba tumeshindwa, kuliko asikie kwa wengine.

Sikulaumu wewe. Umetusaidia ulivyoweza, na umri wako.

Kache


Ndia Kuu
Jumatano, 17 Septemba 2025

KACHE, MSING'OE.

Nimeanza na hilo ili hata Mumo akiichana barua hii katikati, hilo lifike. Msing'oe hata mche mmoja. Pilipili zenu si wagonjwa. Charo hana kosa, wala nyanya zake, wala marehemu baba yake. Mwenye makosa ni mimi, na barua yako imekaa mfukoni mwangu tangu Jumatatu ikinichoma kama kaa la moto.

Sikiliza. Jumatano ile, kabla ya mkaguzi, niliteremka ghalani kuzitazama. Nikaziona zimepangwa kimya, kavu, zimefungwa kama maiti, zinakwenda Maskati na hakuna hata mtu mmoja wa kuziaga. Unakumbuka mkazamjomba wako Mwanakombo alivyokuwa. Mtu akisafiri, hata kama anakwenda Voi tu kwa siku mbili, lazima amtilie kikuba ndani ya begi. Maua ya asumini, majani ya mrehani, ameyafunga kwa uzi vizuri, ili mzigo ufike ukinukia nyumbani. Alinitilia mimi miaka thelathini na mitano. Nikasema, pilipili za Kache zitaondoka nyumba hii bila kikuba? Nikapanda juu, nikachuma mrehani wake ule wa dirishani kwangu, nikanunua asumini Makadara, nikakaa chini na uzi. Vidole vyangu hivi. Kikuba cha kwanza kilifanana na panya aliyelowa. Nilitaka kufunga ishirini na vinne, mgongo ukakataa nilipofika cha tatu. Nikafungua katoni tatu, nikatia, nikafunga tena kwa utepe, hata hungejua.

Alhamisi akaja Mama Zilpah. Anavaa glavu, ana kioo cha kukuzia na sinia jeupe. Akafungua katoni ya kwanza, akamwaga pilipili siniani, akazichekecha, akazipindua. Safi. Ya pili safi. Lennox ananikonyeza. Katoni ya tano akaingiza mkono, akatoa kikuba changu kwa ncha za vidole, amekiinua juu kama mtu aliyekamata mkia wa nyoka.

"Mzee, hii ni nini?"

"Harufu nzuri, mama."

"Nani ameitia?"

Nikatazama dari. Lennox naye akatazama dari. Dari ya ghala lile haijawahi kutazamwa hivyo tangu Waingereza waondoke.

Akakikung'uta juu ya sinia jeupe. Vikaruka vijidudu vyeupe, vingi, kama unga uliopulizwa. Wallahi, mimi kila asubuhi naumwagilia maji mrehani ule, nanusa, nasema asante Mwanakombo, na sijaona mdudu. Bila miwani naona majani ni kijani na mbingu ni samawati, basi. Yeye kwa kioo chake aliona kijiji kizima chini ya kila jani.

"Mzee," akaniambia, "karatasi zenu zinasema pilipili kavu. Hili ni jani bichi, halikuandikwa popote, na lina wadudu hai. Mimi siwezi kutia sahihi."

"Na nikilitoa sasa hivi?"

"Nimeshaliona."

Akafungua katoni zote zilizobaki, moja moja. Ishirini na moja hazikuwa na kitu. Tatu zilikuwa na vikuba vyangu. Karatasi ile ya Kiingereza niliyokuficha inasema hivyo hivyo, Lennox alinisomea: pilipili zenyewe hazina kasoro, wadudu wametoka kwenye majani yaliyoongezwa. Ninayo hapa. Nilikuandikia nusu ya maneno. Mzee mzima, nikakuogopa wewe, mwanamke niliyemfundisha kufunga viatu.

Barua yako ilipokuja Jumatatu, nilitaka kwanza nitengeneze ndipo nikiri, nikupe ubaya na uzuri wake pamoja. Siku mbili hizi nimezimimina katoni zile tatu juu ya shuka nyeupe, nimechekecha, nimechambua moja moja kwa miwani ya kuazima, nimezianika darini, nimezitia katoni mpya. Nimepiga chafya mpaka jirani akatuma mtoto aulize kama kuna msiba. Mama Zilpah amekubali kurudi Ijumaa asubuhi. Lakini nimeona Alhamisi yako iko mbele ya Ijumaa yangu, na aibu yangu haistahili kugharimu mistari arobaini ya pilipili zenye maua.

Mumo anasema leo atalala Mariakani, lori lina kazi huko. Nimemwambia alale Mariakani siku nyingine. Nimempa kofia yangu ya viua, ile iliyodariziwa kwa mkono, uliyokuwa ukiitamani kumpa mumeo. Ameiona, akakubali kuondoka.

Nitukane utakavyo. Lakini jembe weka chini kwanza.

Mjomba wako asiyefaa,
Kadenge


Mombasa
Ijumaa, 19 Septemba 2025

Kwa Bi Kache,

Hujambo. Naitwa Zilpah Nasipwondi, mkaguzi wa mimea. Si kawaida yetu kuwaandikia wakulima barua za mkono. Nimeombwa na Mzee Kadenge, ambaye ameketi kwenye benchi la ofisi yetu tangu tulipomaliza ukaguzi asubuhi na anasema hatabanduka, kwa sababu alishakudanganya mara moja kuhusu cheti na sasa akikwambia mwenyewe hutamwamini.

Leo nimeikagua tena shehena yako yote ya katoni ishirini na nne. Nimechukua sampuli kwenye kila katoni. Sikuona mdudu, udongo wala jani bichi. Cheti cha afya ya mimea kimetolewa na wakala wako anacho. Ukaguzi wa kwanza pia haukuonyesha kasoro yoyote katika pilipili zenu. Nilidhani mmeambiwa. Kama kuna mimea mliyotaka kuiharibu kwa ajili ya ripoti yangu, tafadhali iacheni.

Nimemweleza mzee kwamba mzigo unaosafiri hubeba kilichoandikwa tu. Ameniuliza kama naweza kuandika "kikuba" kwenye fomu. Nimemwambia hapana. Ameniuliza tena kwa njia nyingine mara tatu.

Yale maua yalifungwa kwa ufundi mbaya lakini kwa moyo mzuri. Hilo si la ripoti.

Wako,
Z. Nasipwondi


Kaloleni
Jumapili, 21 Septemba 2025

Mjomba wangu mwovu, shikamoo.

Naandika nikiwa nimekaa chini ya kichanja na miguu nimeinyosha, kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi.

Alhamisi saa kumi na mbili tulikuwa shambani, wote kumi na wawili, majembe mikononi. Hakuna aliyetaka kuanza. Mwisho Sidi akasema, "Basi mimi," akang'oa mche mmoja, akang'oa wa pili. Tukasikia honi. Mumo anakuja na lori katikati ya njia ya ng'ombe, nazi zinadondoka nyuma, kichwani amevaa kofia yako ya viua mpaka kwenye nyusi, anapiga kelele, "Imeandikwa msing'oe! Imeandikwa kwa herufi kubwa!" Kumbe njiani aliisoma. Mpe yule mjane wa mtaa wa pili.

Niliisoma nikiwa nimesimama. Nilipofika kwenye panya aliyelowa, nilikaa chini kwenye udongo, nikalia, nikacheka. Wenzangu hawakujua wanishike wapi. Sidi akaninyang'anya barua akawasomea, na pale mlipotazama dari, yule mama aliyeondoka bila kuaga alicheka mpaka akajifunika uso kwa leso. Kisha Sidi akaichukua ile miche yake miwili, akairudisha ardhini, akaimwagilia maji ya kunywa. Mmoja umeshika. Mwingine umelala, lakini Sidi anasema unapumzika tu.

Nimekwenda kwa Charo. Nilibeba kuku. Nikamweleza habari yote, na vikuba vyako. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Dada Kache, na baba yangu je? Naye umemsamehe?" Nikasema nimemsamehe. Akasema, "Basi leta huyo kuku." Tumekula naye.

Barua ya Bi Zilpah imebandikwa ukutani kwangu, karibu na kalenda ya kanisa. Kila anayekuja anasomewa.

Hasira nilikuwa nayo, nisikufiche. Kuhusu kikuba, hapana. Kuhusu nusu ya maneno, ndiyo. Siku tano nilitembea nikidhani nimewaponza watu kumi na mmoja na watoto wao. Usinifanyie tena, Mjomba. Nitukane, nidanganye kwa mkate wa sinia, lakini usininyamazie.

Nimemaliza. Niambie zimeondoka.

Mpwa wako,
Kache


Ndia Kuu
Jumatano, 24 Septemba 2025

Kwako mpwa wangu Kache,

Zimeondoka. Safari hii hakuna sisimizi wala mkate. Jana saa nne kontena lilifungwa, cheti chako kimo pamoja na karatasi nyingine, na nilisimama pale kando nikalipungia mkono. Lennox akaniuliza nampungia nani. Nikamwambia ashike kazi yake. Kupunga hakuna wadudu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. La kunyamaza nimelisikia. Nilikaa nalo kutwa, halikunitoka, na sitalijibu kwa mzaha. Umesema kweli.

Mama Zilpah nilimpelekea kaimati. Akakataa, sheria, hapokei kitu kwa mtu aliyemkagulia mzigo. Nikamwambia basi azikague. Akacheka, mwanangu, meno yote nje, kisha akakataa tena. Nikazila mwenyewe kwenye benchi lao, huku Lennox akisema hanijui. Mnunuzi amempigia simu Lennox, anauliza mzigo wa pili utakuwa tayari lini. Hilo mjibuni nyinyi. Mimi funguo za ghala nimempa mwenye ghala, kwa hiari yangu, na wakati wa mzigo wa pili nitakaa Mama Ngina nile mihogo.

Sasa kuna jambo dogo.

Mrehani wa Mwanakombo nimeung'oa. Mama Zilpah alisema ningeweza kuuosha kwa maji ya sabuni, nikauosha siku nne, jani kwa jani, lakini ulikuwa umeliwa mpaka shinani, ukapukutika. Nimeuchoma pamoja na udongo wake. Chungu kiko dirishani kitupu. Asubuhi bado nakwenda na kikombe cha maji, nafika pale, nasimama, nayanywa mwenyewe.

Siku ya arobaini nilikukatia tawi, nawe ukasema, "Mjomba, hili ni deni, siku moja nitalipa." Nilikujibu usiseme upuuzi. Leo nasema si upuuzi, lipa. Nikatie tawi moja katika ule wa dirisha la jiko lako. Litazame kwanza chini ya kila jani, tena mwite Charo alitazame, yeye ana macho. Lifunge kwa karatasi iliyolowa, umpe Mumo alishike mkononi, asilitie kwenye nazi. Nimemuuliza Mama Zilpah: kutoka Kaloleni mpaka Ndia Kuu, tawi moja la mrehani halitaki cheti.

Mjomba wako,
Kadenge